Faili la chama limegoma kufunguka? Acha kulibofyabofya

Msimu wa korosho ukikolea hapa Masasi, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) hawaishi steshenari kwangu, flashi mkononi: "Dada, faili limeharibika." Mara nyingi faili hilo la hifadhidata, yaani data za chama zilizopangwa kwa majedwali, ni zima. Kompyuta tu haina programu ya kulifungulia.

Kwanza linakili kwenye kompyuta, lile la kwenye flashi usiliguse. Ukiona pembeni yake faili lenye jina hilohilo linaloishia na -wal, nakili yote mawili. Humo huwa mna taarifa za karibuni ambazo bado hazijaingia kwenye faili kuu.

Kisha soma herufi baada ya nukta. Kama Windows imezificha, ingia View kwenye File Explorer, washa File name extensions. Yenye .mdb ni ya Access za zamani (programu ya hifadhidata ya Microsoft), .accdb ni kuanzia Access 2007. Yenye .dbf yalianzia kwenye dBase, programu ya hifadhidata ya zamani. LibreOffice Calc huyafungua, nayo ni ya bure.

Kazi ipo kwenye .db, maana kila mtengeneza programu hulitumia apendavyo. (Thumbs.db achana nalo, ni vijipicha vya Windows.) Lifungue kwa Notepad, usihifadhi kitu. Utaona vikorokoro vitupu, lakini mstari ukianza na "SQLite format 3", pakua DB Browser for SQLite, ya bure pia. Fungua faili, ingia Browse Data, chagua jedwali: majina ya wakulima, kilo, tarehe, yote hayo hapo. Ukisoma "Standard Jet DB" hilo ni .mdb, na "Standard ACE DB" ni .accdb, hata kama mtu alilibadilisha jina.

CSV, yaani data zilizoandikwa kama maandishi matupu na kutenganishwa kwa koma, ndiyo inayoliza watu, kwa sababu inafunguka kirahisi mno. Ukiibofya ikafunguka na Excel, sifuri ya mwanzo kwenye namba za simu inapotea. Ukihifadhi hivyo, imeondoka moja kwa moja, na malipo ya mkulima yanatumwa kwa namba isiyokuwepo. Mimi hutumia LibreOffice: kabla ya kufungua inakuonyesha safu zote, unabofya ya simu, unachagua Text, ndipo OK. Safu ya kilo iache ilivyo, la sivyo haitajumlishika.

Faili likidai nywila, mtafute aliyelitengeneza. Nywila ya chama sivunji, hata uje na mwenyekiti.