Mgonjwa wenu akipasuliwa kifua kwa matundu madogo

Mjomba wangu, mkulima wa korosho Newala, alikohoa tangu msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, hadi wa kuokota. Tukasema ni salfa. Makohozi yakapimwa, TB hakuna. Eksirei ndiyo iliyoonyesha uvimbe kwenye pafu la kulia, tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyemuuguza.

Mwulizeni daktari kama uvimbe unafaa kutolewa kwa njia hii ya matundu madogo. Ukiwa mkubwa, au umeshikana na mishipa mikubwa, kifua hufunguliwa. Hata aliyepangiwa matundu anaweza kufunguliwa katikati ya kazi, damu isipokata. Someni fomu ya ridhaa pamoja kabla ya saini.

Sigara iachwe mapema, walau wiki nne. Wakati kamera na vyombo vinapita katikati ya mbavu, pafu la upande ule hulazwa, la pili linahema peke yake. Lisiingie humo limechoka.

Akitoka chumba cha upasuaji mtakuta mpira umetoka ubavuni kwenda kwenye chupa yenye maji. Mimi niliogopa chupa ile kuliko kidonda. Maji yake huachia hewa itoke kifuani na kuizuia isirudi. Basi ikae wima, chini ya usawa wa kifua, hata mgonjwa anapokwenda chooni. Msiubane mpira kwa kuhofia kumwagika. Ukichomoka ubavuni, gandamizeni tundu kwa mkono na kumwita nesi papo hapo.

Dawa ya maumivu apewe kwa saa, asisubiri yamzidi. Mwenye maumivu hakohoi, na makohozi yakilala kifuani huleta nimonia. Mjomba alikohoa akiwa amekumbatia mto, nami nikimwambia, "Tena, mjomba." Alitembea wodini kesho yake.

Msipande ndege bila ruhusa ya daktari, hewa iliyobaki kifuani hutanuka angani. Sisi tulirudi kwa gari baada ya kuruhusiwa, tukasimama Kibiti, Nangurukuru na Lindi atembee, damu isigande miguuni. Pumzi ikikata ghafla, homa, usaha, damu kwenye makohozi au mguu mmoja kuvimba: hospitali siku hiyo hiyo.

Na majibu ya kinyama kilichotolewa kifuani na kupelekwa maabara yafuateni, hata mgonjwa akiwa anacheka. Hayo ndiyo husema kama kuna tiba nyingine mbele. Ya mjomba tuliyafuata tena Dar, na msimu uliofuata pampu ya salfa niliibeba mimi.