Copilot ndani ya VS Code: andika testi kwanza, Tab baadaye

Wakuu, watu wengi wanaweka Copilot, ile AI ya GitHub inayopendekeza kodi unapoandika ndani ya VS Code (programu ya kuandikia kodi), wanabonyeza Tab kukubali kila pendekezo mpaka faili linajaa, alafu ukiwauliza mstari fulani unafanya kazi gani hawajui. Mi naandika Python kila siku na hivi ndo nafanya. Tutumie mfano wa fanksheni ya kusafisha namba za simu za Tanzania, maana wateja kila mtu anaziandika kivyake.

Hatua ya 1: Fungua VS Code, nenda kwenye ekstensheni, hakikisha GitHub Copilot ipo, ingia na akaunti yako ya GitHub. Tangu Desemba 2024 kuna ya bure yenye kikomo cha mwezi, kwa kuanzia inatosha.

Hatua ya 2: Piga komiti ya Git (yaani hifadhi kodi yako ilivyo sasa) kabla hujaomba chochote. Kikivurugika, git restore inakurudisha ulipokuwa.

Hatua ya 3: Hapa ndo pa kutulia. Usianze na fanksheni, anza na testi (kodi fupi za kuhakiki kama fanksheni inatoa jibu sahihi), na uziandike mwenyewe kwa mkono wako. Weka 0700000000, weka 255700000000, weka +255 700 000 000 yenye nafasi, na ile ya +2550700000000 ambayo mtu kachanganya namba ya nchi na sifuri, zote lazima zitoke +255700000000, alafu weka na mbovu kama 07123 ikataliwe. Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu modeli, yaani AI iliyo nyuma ya Copilot, inakisia kinachofuata kutokana na ilichojifunza, haiwajui wateja wako, na ni rahisi sana ikakuletea muundo wa Marekani, +1 na tarakimu 10, wakati zetu baada ya 255 zinabaki 9.

Hatua ya 4: Fungua faili la fanksheni, la testi liache wazi pembeni maana Copilot inachungulia na mafaili mengine uliyofungua. Andika komenti, hata Kiswahili inaelewa vizuri tu: "badili namba iwe ya +255, zisipobaki tarakimu 9 toa ValueError" (kosa la Python la thamani isiyofaa). Chini yake andika def safisha_namba(namba): usubiri maandishi ya kijivu, ndo pendekezo la Copilot. Yasome! Ctrl na mshale wa kulia inachukua neno moja moja, Alt na ] inaleta pendekezo lingine, Esc inaondoa.

Hatua ya 5: Endesha pytest, zana ya Python ya kuendesha testi zako. Ikifeli usiseme "rekebisha" tu, chagua fanksheni, bonyeza Ctrl+I kufungua chati ya Copilot, bandika kosa zima lilivyo. Angalia na mabadiliko inayoleta, ikitaka kubadilisha testi ili zipite, kataa.

Hatua ya 6: Tengeneza faili la .github/copilot-instructions.md, andika humo sheria unazotaka Copilot ifuate: namba ni +255, tarehe ni siku/mwezi/mwaka, isiongeze laibrari bila kuambiwa. Paswedi za databesi na funguo za API zisikae humo wala ndani ya kodi, kwa sababu vipande vya faili unalofanyia kazi vinatumwa kwenye seva ili upate mapendekezo. Kila ukijikuta unairekebisha Copilot kwa kitu kilekile, ongeza mstari mmoja kwenye hizo sheria.