Kuweka taa za LED ndani ya gitaa la akustiki bila kuharibu sauti

Sauti ya gitaa la akustiki inatoka zaidi kwenye ubao wa mbele, ule wenye tundu na daraja, yaani kipande cha mbao kinachoshika nyuzi. Unene wake ni milimita 2.5 hadi 3 hivi, na ni lazima uachwe utetemeke. Ukibandika vitu juu yake, hasa karibu na daraja, unaupunguzia sauti. Kwa hiyo taa, waya na betri vitakaa kwenye ubao wa nyuma, mbavu (kuta za pembeni za sanduku), na gogo la shingo, yaani kile kipande kinene cha mbao kilichoko ndani pale shingo inaposhikana na sanduku. Usitoboe chochote. Kila kitu kiingie kupitia tundu la sauti, na siku ukitaka kukitoa kitokee hapohapo.

Maelezo haya ni ya gitaa la kawaida lenye tundu la upana wa sentimita 10 hivi. Ukulele ina tundu dogo mno kwa mkono wa mtu mzima, na gitaa la zamani lenye thamani ni bora liachwe lilivyo.

Vifaa:
- LED 6 za milimita 5, rangi ya kaharabu (manjano ya kuelekea chungwa) au nyeupe ya joto
- rezista 6 (vipande vya kupunguza mkondo wa umeme) za robo wati: omu 330 kwa kaharabu, omu 150 kwa nyeupe
- kisanduku cha betri 3 za AAA chenye kifuniko
- swichi moja ndogo ya kusukuma pembeni
- mita 2 za waya mwembamba laini wa nyuzi nyingi, mmoja mwekundu na mmoja mweusi
- mipira ya kusinyaa kwa joto (vimrija vya kufunika viungo vya waya), velkro, na plasta ya kitambaa
- pasi ya lehemu, risasi ya kulehemu, msasa laini na kioo kidogo cha mkononi

Rangi ifikirie kabla ya kununua. Mbao za ndani ya gitaa kwa kawaida hazipakwi vanishi, na mwanga mweupe mkali unaanika kila tone la gundi lililochuruzika kiwandani. Kaharabu inaificha kasoro hiyo na kuipa mbao uhai. Bluu inapendeza kwenye picha, lakini machoni mwa mpigaji usiku inachosha.

Hesabu ya rezista ni hii: toa volti za LED kwenye volti za betri, kisha gawanya kwa mkondo unaoutaka. Betri tatu za alkalini zinatoa volti 4.5. LED nyeupe inachukua volti 3.1 hivi, kwa hiyo inabaki 1.4, ukigawanya kwa omu 150 unapata miliampea 9. Kaharabu inachukua volti 2.1, inabaki 2.4, na kwa omu 330 unapata miliampea 7. LED hizi huvumilia hadi 20, lakini ndani ya sanduku lenye giza hutahitaji kiasi hicho. LED sita nyeupe zitakula miliampea 55 hivi. Betri za AAA zikiwa na kama miliampea-saa 1,000, utapata saa 15 au zaidi kidogo, na mwishoni zitakuwa zinafifia.

Kila LED iwe na rezista yake. Wengi hubana matumizi kwa kufunga LED zote sambamba kwenye rezista moja, kisha wanashangaa mbili zinang'aa na nyingine zimefifia. LED hazilingani kabisa hata zikitoka pakiti moja. Ile yenye volti ya chini kidogo hujivutia mkondo mwingi kuliko wenzake.

Unganisha kila kitu mezani. Pasi ya moto isiingie ndani ya gitaa kamwe. Anza kwa kusugua kichwa cha kila LED kwa msasa mpaka kiwe na ukungu. LED yenye ganda angavu hutoa mwale mwembamba unaochora doa moja la duara kwenye mbao; ikisuguliwa, mwanga unasambaa. Mguu mrefu ni chanya. Ukishaikata miguu, tazama ukingo wa ganda chini: upande uliobapa ni hasi. Lehemu rezista kwenye mguu chanya, ukigusa kwa pasi sekunde 3 tu, maana joto likizidi linaiua LED.

Sasa panga waya mwekundu na mweusi sambamba, na uunganishe LED moja kila baada ya sentimita 12, rezista upande wa mwekundu. Funika kila kiungo kwa mpira wa kusinyaa. Swichi ifungwe kwenye waya mwekundu unaotoka kwenye betri, na uiachie waya wa kutosha kufika ukingo wa tundu. Washa na uache ziwake nusu saa huku ukitikisa waya. Kiungo kibovu kitajionyesha hapo, mahali ambapo ni rahisi kukirekebisha.

Kuingiza ndiko kunakotaka subira. Legeza nyuzi mpaka mkono upite katikati yake. Ondoa vumbi ndani kwa brashi kavu. Usitumie kitambaa chenye maji, kwa sababu mbao isiyopakwa vanishi inayanyonya. Vumbi likibaki, velkro itang'oka baada ya siku chache.

Bandika kisanduku cha betri kwenye gogo la shingo au kwenye ubao wa nyuma karibu nalo. Hapo hapatetemeki sana. Kisha tandaza LED tatu kila upande, kwenye mbavu karibu na ubao wa nyuma, zikitazama ndani na si kuelekea tundu. Msikilizaji anatakiwa aone mbao inayong'aa, na LED yenyewe isionekane. Tumia kioo kukagua. Shika waya kwa plasta kila sentimita 7 au 8, na unapovuka mataruma, zile fito zinazokaza ubao wa nyuma, uufuatishe waya umbo lake badala ya kuuacha ukining'inia kama daraja. Gundi ya moto usiitumie: inauma nyuzi za mbao, na ukiibandua inaondoka na vibanzi.

Swichi peke yake ndiyo inaruhusiwa kugusa ubao wa mbele, kwa ndani, kwenye ukingo wa tundu upande wa shingo. Eneo hilo limekazwa na halichangii sana kwenye sauti, na swichi ina uzito wa gramu chache tu. Iweke upande wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, ambako kidole kinapita bila kugusa nyuzi.

Kaza nyuzi, kisha piga kila noti taratibu, kuanzia uzi wa sita hadi wa kwanza, freti kwa freti, yaani kila kijiti cha chuma kwenye shingo. Mlio wa kukereza hutokea mara nyingi kwenye noti moja au mbili tu, pale waya uliolegea unapotetemeka kwa kasi ileile. Kwa hiyo kupiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) mbili tatu hakutoshi. Ukiusikia, gonga ubao wa nyuma kwa kifundo cha kidole ukitafuta sehemu inayojibu. Mara nyingi ni kifuniko cha betri. Kipande cha sponji nyembamba ndani yake kinamaliza tatizo.

Kama gitaa lina kinasa sauti (pikapu ya kupeleka sauti kwenye spika), usivute umeme kutoka betri yake, na nyaya za taa zipite mbali na zake. Epuka pia taa za rimoti za kubadili rangi. Kidhibiti chake hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima mamia ya mara kwa sekunde, na mapigo hayo yanaweza kuingia kwenye spika kama mluzi. LED zenye rezista tu hazina tabia hiyo.

Betri za litiamu za kuchaji ziache nje ya sanduku: ikipata hitilafu ndani ya mbao kavu hutaifikia kwa haraka. Hata alkalini zikisahaulika huvuja, na majimaji yake hula mbao na chuma. Badilisha betri siku unayobadilisha nyuzi, na kama gitaa litakaa zaidi ya mwezi bila kupigwa, zitoe kabisa.