Kuipandisha mashua kuukuu pwani na kuitia kalafati

Kijana mmoja wa Kibokoni kanunua mashua ya futi 26, ya zamani, akanijia na swali moja: "Ami, nitie silikoni gani kwenye mishono ya mbao?" Nikamwambia aketi kwanza. Chombo cha mbao huzibwa kwa kalafati, yaani pamba inayogongwa ndani ya mishono ya mbao. Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya naye siku nne pale Tudor. Mwenye chombo cha mbao hapa Mombasa atayarudia mara mbili kwa mwaka, apende asipende.

Hatua ya 1: Punguza uzito

Foromali (mti unaobeba tanga) na tanga chini, mawe ya farumi ya kutia uzito nje, ngama (tumbo la chombo) ioshwe. Basi.

Hatua ya 2: Chagua maji

Hapa ndipo nilipoumia. Mara yangu ya kwanza niliingia na bamvua (siku za maji makubwa), maji yamefika kwenye mizizi ya mikoko, nikafurahi chombo kimekaa juu pakavu. Kumbe yale ndiyo yalikuwa maji makubwa kuliko yote ya bamvua lile. Kesho yake yakajaa yasifike nusu ya ubavu, siku ya pili yakaishia kwenye mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo), ya tatu hata mkuku hayakuugusa. Ikabidi ningoje bamvua jingine, kiasi cha wiki mbili, jua likipiga ubavu mmoja na mbao zikiachana hadi nikawa naona mwanga nikiwa ndani ya ngama. Nilikipandisha kwa sababu ya tundu mbili. Kilishuka kinavuja kama kichujio cha nazi.

Kwa hivyo panda maji yakiwa yanakua. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kilele chake aghalabu huchelewa siku moja au mbili. Mimi hupanda siku ya mwandamo wenyewe au siku moja kabla. Hapo maji ya kujaa yatazidi kukua hadi kilele, na chombo kitaelea tu. Usikisie kwa macho: angalia jedwali la maji la Kilindini linalotolewa na KPA, mamlaka ya bandari. Kwa kawaida siku za bamvua maji ya Mombasa hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu, kati ya bamvua moja na jingine, tofauti hiyo ni ndogo sana, chombo hakitakaa pakavu, usijisumbue.

Ubaya wa njia hii ni kwamba bahari inakurudia kila siku. Una saa tano hivi za kazi, na mshono uliouchokora lazima uwe umeziba kabla maji hayajarudi. Usifungue ubavu mzima kwa pupa. Tafuta mchanga usio na mawe, tega magadi (miti ya kukiegemeza chombo) mawili kila ubavu, na nanga itupwe upande wa kina kabla maji hayajakuacha, maana ndiyo utakayojivutia ukitoka.

Hatua ya 3: Kwangua

Kwangua magamba yangali mabichi, yakikauka utalia. Kisha dunga kwa ncha ya kisu kandokando ya mkuku na karibu na usukani. Kisu kikizama kama kwenye papai, ubao huo wa kubadilishwa, na hapo muite fundi.

Hatua ya 4: Kalafati

Chokora pamba ya zamani iliyooza tu. Iliyo ngumu iache. Pamba mpya isokote juu ya paja iwe kamba nyembamba, iloweke kwenye mafuta ya nazi, kisha iingize kwa chembeu (patasi ya kalafati) na nyundo ya mbao. Sikiliza nyundo. Mwanzoni inapiga sauti nzito ya kufifia, na pamba ikikaa sauti inakuwa kavu na kali. Hapo simama. Wengi wanaendelea kugonga wakidhani kujaza sana ndiko kuziba, na mbao zikishiba maji zinavimba, zinakosa pa kwenda, zinasukuma misumari itoke kwenye mataruma (mbavu za chombo).

Na silikoni? Kwenye dirisha la choo, sawa. Kwenye mshono wa ubao wenye mafuta haishiki, na mwakani utakesha ukiitoa nyuzi kwa nyuzi.

Hatua ya 5: Deheni na sifa

Sehemu inayozama ipake deheni, yaani chokaa na shahamu, dhidi ya wadudu wanaotoboa mbao. Sehemu ya juu isiyozama ipake sifa, yaani mafuta ya papa. Rangi za dukani zinapendeza, lakini mimi nitabaki na sifa, ingawa mke wangu hunijua nilikotoka kabla sijabisha hodi.

Hatua ya 6: Kushua (kukirudisha majini)

Kitavuja usiku wa kwanza. Lala humo na upo wa kufulia maji, na hesabu upo unazomwaga kila saa. Cha kutazama ni kama hesabu inashuka. Isiposhuka kufikia asubuhi ya pili, rudi pwani upesi maji ya bamvua yangali makubwa. Ndiyo faida nyingine ya kupanda mapema.

Yule kijana alinipigia simu saa nane usiku, sauti inamtetemeka, maji yanaingia. Nikamuuliza umefua upo ngapi saa hii iliyopita. Kumi na moja. Na ile ya kabla yake? Ishirini na mbili. Nikamwambia ajipikie chai.