Sungura wako hafai kwa mbegu? Namna ya kumtafutia nyumba nyingine bila kumdanganya mtu

Kila mfugaji wa sungura anafika hapa siku moja. Unakuta jike kazaa mara kadhaa mfululizo vitoto viwili viwili tu, au dume ana meno yamepishana, au bibi mtu mzima kafika miaka minne na mimba hazishiki tena, halafu nafasi bandani imeisha na peleti, kile chakula chao cha dukani cha punje, zinapanda bei. Wengi wanachinja, na hilo sina ugomvi nalo, sungura ni nyama na watu wanakula. Ila kama hutaki kumchinja, au watoto hapo nyumbani wameshampa jina na wanamlilia, basi inawezekana kumhamisha vizuri. Kinachoniuma ni ile tabia ya mtu kumpiga picha nzuri sungura aliyemshinda na kumuuza mtandaoni kama "jike la kuanzia mradi", ananunua kijana mwenye mtaji wa kuungaunga, anasubiri miezi hapati kitoto hata kimoja, anakata tamaa na ufugaji wenyewe anauacha. Tusifanyiane hivyo jamani.

Kabla ya yote hakikisha kweli hafai. Jike wa uzao wa kwanza akiua au akitelekeza vitoto usimhukumu haraka, angalia kwanza kama alikuwa na maji ya kutosha, kama kiota kilikuwa na nyasi na giza, kama mbwa wa jirani hawakuwa wanazunguka banda usiku kucha. Mpe nafasi ya pili na ya tatu. Jike mnene sana naye hashiki, huyo mpunguzie peleti ale majani na nyasi kavu. Na madume, kwa wale wa Dar na Tanga mnajua joto la Januari na Februari, dume anaweza kupanda vizuri kabisa na mimba isishike kwa sababu joto likizidi nyuzi 30 mbegu zinadhoofika kwa muda. Mpe kivuli na hewa, baada ya kama miezi miwili mjaribu tena.

Wale ambao kweli inabidi watoke kwenye uzalishaji ni wenye kasoro wanayoweza kurithisha, mfano korodani moja haikushuka, miguu imetanuka pembeni tangu utotoni, na meno. Meno niseme zaidi kidogo maana watu hawayaangalii kabisa. Mshike sungura apakatwe vizuri, inua mdomo wa juu taratibu kwa vidole: meno ya mbele ya juu yanatakiwa yafunike kidogo yale ya chini kwa mbele. Ukikuta ya chini ndiyo yametokeza nje, au yamepinda pembeni, hayo hayasagani, na meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, yanaongezeka milimita 2 hadi 3 kila wiki. Maana yake atakayemchukua atahitaji daktari wa mifugo amkate meno kila baada ya wiki chache, la sivyo atakufa njaa huku chakula kiko mbele yake. Na asikate mwenyewe kwa kikata kucha, jino linapasuka hadi kwenye fizi. Gharama hiyo mwambie mtu mapema kabisa kabla hajampenda huyo sungura.

Ukishaamua, mtenge. Jike mweke mbali na dume lolote kwa siku 35 kabla ya kuondoka, mimba ya sungura ni kama siku 31 hivi, kwa hiyo zikipita hizo hakuna mtu atakayeamka asubuhi kakuta vitoto asivyovitarajia. Hapohapo hakiki tena jinsia, maana wanaokosea ni wengi mno, bonyeza taratibu sehemu ya siri, dume inatokeza kama kamrija na jike unaona mstari. Halafu afya. Angalia manyoya ya ndani ya miguu ya mbele, yakiwa yameshikana na kukauka ujue anajifutia pua, hayo ni mafua, na huyo usimpeleke nyumba yenye sungura wengine hata kama leo anaonekana mzima. Masikio yakiwa na magamba ya kahawia ndani ni utitiri, usiyabandue maana yanauma sana, mpeleke akapate dawa ya ivermectini kwa kipimo cha daktari. Nyayo za nyuma zisiwe na vidonda. Na tafadhali usimpe sungura amoksilini ya kumeza ya watu, inaua bakteria wazuri wa tumboni na sungura anakufa.

Dume kama unaweza mhasi kabla hajaondoka. Tafuta daktari aliyewahi kufanya sungura, kwa ganzi na usingizi, siyo mtu wa wembe. Sungura hafungishwi njaa kabla ya upasuaji kama mbwa, hawezi kutapika na tumbo lake halitakiwi kusimama. Akishahasiwa bado anaweza kutia mimba kwa wiki 4 hadi 6, usimchanganye na jike mapema.

Sasa anaenda wapi? Watu wote wanafikiria familia zenye watoto, sawa, lakini mimi naona walengwa wazuri zaidi ni wakulima wa mboga. Sungura asiyezaa bado anakojoa na bado anatoa kinyesi kila siku! Kinyesi cha sungura hakiunguzi mimea kama cha kuku, unaweka moja kwa moja kwenye tuta, na mkojo wake, wakulima wa mchicha na nyanya wanauchanganya na maji mengi wananyunyizia. Mtu wa namna hiyo ana majani bure, ana muda, na hana sababu ya kumlazimisha azae. Shule zenye klabu ya mazingira nazo ni nzuri, ila uliza likizo ya Desemba nani atamlisha, kama jibu ni "mlinzi" basi ongea na huyo mlinzi mwenyewe.

Tangazo liandike kwa ukweli, kitu kama: "Jike, aina ya New Zealand mweupe, miaka mitatu na nusu, mpole, anakula vizuri, HAFAI KUZALISHA, mimba hazishiki. Natafuta mtu wa kumfuga tu." Weka na picha ya hiyo kasoro kama inaonekana. Usitoe bure kabisa, omba hata hela kidogo, maana cha bure kinachukuliwa na yeyote na kesho kinauzwa.

Akija mtu uliza maswali bila aibu. Banda liko wapi, sakafu ni waya mtupu au kuna ubao wa kupumzikia? Siafu wanapita? Hili wengi hawalifikirii, siafu wakiingia usiku sungura hana pa kukimbilia, kwa hiyo miguu ya banda ikae ndani ya makopo yenye oili chafu. Ana sungura wengine? Madume mawili yasiyohasiwa yatachanana, na majike wageni nao wanapigana, inabidi wazoeshwe taratibu kwa kuonana kupitia waya kwanza. Mtu akikasirika kuulizwa, mwache aende.

Siku ya safari ondoka alfajiri kabla ya jua. Boksi gumu au tenga lenye matundu, chini nyasi, siyo gunia na siyo kufungwa miguu nyuma ya bodaboda. Wala asibebwe kwa masikio, shika mgongoni na nyonga kwa pamoja. Mfungashie peleti zake za wiki nzima na fungu la majani aliyozoea, kishona nguo, mchunga, majani ya viazi vitamu, ili chakula kibadilishwe kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Majani ya nyanya na ya parachichi mwambie asimpe kabisa.

Piga simu siku inayofuata uulize jambo moja tu: anakula na anajisaidia? Sungura akikaa saa 12 hajagusa chakula wala hakuna kinyesi hiyo ni dharura, aende kwa daktari siku hiyohiyo. Piga tena baada ya wiki. Na mwambie kabisa kwamba ikishindikana amrudishe kwako, asimwachie porini, sungura wa kufugwa hajui kujificha na mbwa au mwewe wanammaliza mapema. Akirudi usimuingize moja kwa moja kwenye banda la wenzake, mtenge wiki mbili, mwangalie pua na masikio upya, ndiyo uanze kumtafutia mtu mwingine.