Elisa ya kingamwili: hatua kwa hatua, na pale inapoharibika

Elisa ni kipimo cha maabara kinachoonyesha kwa rangi kama kitu unachotafuta kimo kwenye sampuli. Kabla hujashika pipeti, jiulize unatafuta nini. Kile kipimo cha malaria cha kutoboa kidole kinatafuta antijeni, yaani protini ya kimelea mwenyewe. Vile vinavyopima HRP2, mojawapo ya protini hizo, huweza kuonyesha chanya wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, maana protini hiyo huchelewa kuisha kwenye damu. Kingamwili ni jibu la mwili, na nyingine hukaa miaka. Hapa Entebbe mimi hupima zaidi kingamwili, basi tuchukue sahani ya virusi vya Zika.

1. Toa sahani ya vishimo 96 kwenye friji, iache nusu saa ipoteze baridi. Antijeni ya virusi imeshabandikwa chini ya kila kishimo tangu kiwandani.

2. Chora ramani ya sahani kwenye karatasi. Usijiamini kichwa, ukiitwa mlangoni mara moja tu, umepotea. Zimua seramu (maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda) kama maelekezo ya boksi la kipimo yanavyotaka (yangu ni 1 kwa 100), weka maikrolita 100 kila kishimo, pamoja na kontroli chanya na hasi, yaani sampuli ambazo jibu lake linajulikana tayari. Funika, weka kwenye nyuzi 37. Kingamwili zikiwepo, zitanasa kwenye antijeni.

3. Osha. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Jaza kishimo hadi ukingoni, mwaga, rudia idadi iliyoandikwa bila kupunguza hata moja. Kisha pindua sahani juu ya tishu uigonge mpaka tishu isilowe tena. Siku moja umeme ulikuwa unakatikakatika, nikaosha haraka haraka mara tatu badala ya tano. Mwishoni sahani nzima ikawa njano, rangi ya chanya, hadi kontroli hasi! Sampuli za asubuhi nzima nikazirudia.

4. Weka konjugeti: kingamwili ya pili inayoshika kingamwili za binadamu, imebeba kimeng'enya mgongoni. Subiri, osha tena vilevile.

5. Weka TMB, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na kimeng'enya, funika gizani. Penye kimeng'enya patageuka bluu. Muda ukitimia weka asidi ya salfuriki kwa mpangilio uleule uliowekea TMB. Bluu inakuwa njano. Soma mara moja kwa mashine ya kupima rangi, kwenye nanomita 450.

6. Angalia kontroli kwanza. Zikikataa, usitoe jibu la mtu yeyote. Zikikubali, linganisha kila sampuli na kizingiti, kile kiwango kinachotenga chanya na hasi. Iliyo karibu nacho irudie.

Sasa chanya. Msitu wa Zika uko jirani yetu. Virusi hivyo viligunduliwa huko mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa kizimbani juu ya miti. Virusi vya West Nile navyo viligunduliwa Uganda, mwaka 1937. Hivi ni ndugu, na kingamwili za mmoja hushika antijeni ya mwingine. Hata chanjo ya homa ya manjano, ndugu yao mwingine, yaweza kuwasha sahani yako. Kwa hiyo mimi huandika "chanya, ithibitishwe", na seramu inakwenda kwenye kipimo cha kuona kama inazuia virusi hai visiue seli.