Namna ya Kuchangisha Fedha kwa Shirika Linalowasaidia Watoto Waliofiwa

Kabla ya kutangaza mchango wowote, liombe shirika ridhaa ya maandishi ya kutumia jina lake, na uulize kama sheria za mahali penu zinadai kibali cha kuchangisha hadharani. Matembezi ya kumbukumbu, ambayo kila mshiriki huyafanya kwa jina la marehemu wake baada ya kukusanya ahadi za wafadhili, kwa maoni yangu yanafaa kuliko mnada wenye shamrashamra, kwa kuwa huwapa wafiwa nafasi ya kuomboleza pamoja. Hata hivyo, asilazimishwe mtu kusimulia msiba wake, wala picha ya mtoto isitumike bila idhini yake na ya mlezi wake. Fedha zihesabiwe na watu wawili wasio ndugu, ziandikiwe stakabadhi, kisha zipelekwe benki mapema.